Nafasi Kando ya Fusi

Marrickville, Sydney
3 Machi 1996

Shangazi yangu Kalolaine,

Naanza kwa kuulizia miguu, maana nikiulizia macho utasema hayajambo hata kama hayaoni kitu. Kisigino kimepona? Mama aliandika wakati wa Krismasi kwamba kidonda kimefunga. Kama alinificha, wewe nifichulie. Mimi ni mzima wa kutembea. Kazi ni ileile ya kufua mashuka ya hospitali tangu alfajiri, na mgongo umeanza kulalamika kama wa mzee. Watu wetu wa kanisa la hapa wanakusalimu. Hata wale wanaonikwepa mimi wanakusalimu wewe.

Kaseti imefika ikiwa imeviringishwa ndani ya fulana, jikoni kote kukanukia mafuta ya nazi. Niliisikiliza na Marama. Humjui bado: ni Mmaori, ninaishi naye na kufanya naye kazi. Yeye hufunga vipaza sauti vidogo kwenye friji mbovu na trei za tanuri, akavipiga vyombo hivyo kwa vijiko, na mimi husoma mashairi yangu na kucheza nikiwa nimejizungushia utepe wa kaseti mwili mzima. Usicheke. Ijumaa iliyopita tulifanya hivyo kwenye ghala la matairi, na watazamaji hawakutosha kujaza benchi mbili. Zamani tulikuwa watatu, lakini Terry tulimzika mwezi wa Novemba. Misiba ya rafiki zangu hapa nimeacha kuihesabu, Shangazi, na suti nyeusi siirudishi tena kabatini.

Marama hajui neno hata moja la Kitonga. Wimbo wako ulipokwisha alisema, "Huyu mama anatuzidi sote." Nikamwambia hilo nalijua tangu utotoni.

Umeniita nije Septemba, kanisa letu likitimiza miaka mia, nikusaidie kuwafundisha watu lakalaka hii ya kwenye kaseti, ngoma ya kuimbwa na kuchezwa na kijiji kizima. Nitakuja. Nina swali moja tu. Mstari utakapopangwa, wanaume kulia na wanawake kushoto, mimi utanisimamisha wapi?

Mtoto wako,
Vili


Pangai, Ha'apai
Visiwa vya Tonga, 14 Aprili 1996

Vili mwanangu,

Miguu ipo, ni miwili, inanitosha. Macho yamegawana ugonjwa kindugu: la kushoto limechukua mtoto wa jicho, la kulia limechukua kisukari. Ndiyo maana naandika herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Usinionee huruma, zionee huruma karatasi zinavyokwisha.

Nguruwe wa baba yako walivunja ua wakala magimbi yangu. Unajua siwezi kumgombeza Siaosi, ni kaka yangu, mimi na yeye hata kwenye sebule moja hatukai. Nikamwambia mama yako. Sela akamwambia mumewe. Kesho yake ua ukawa umefungwa na hakuna aliyesema na mtu. Ndivyo tulivyoishi maisha yetu yote, na nguruwe hawajaelewa bado.

Mazoezi yameanza. Wanaume wana sauti lakini hawana mikono. Wanawake wana mikono lakini hawana masikio. Binti wa chifu atasimama katikati kama inavyompasa, ingawa anacheza kama mtu anayefukuza nzi. Mdogo wako Fusi ana mwili wa kucheza ngoma, ila anaharakisha kana kwamba ameacha chungu jikoni. Umesema huko mnapiga friji. Sisi huku tunaitafuta ya kuwekea samaki.

Ukija utakaa mbele pamoja nami. Mtunzi hafungwi na mstari, anapita mbele na nyuma apendavyo, akikemea anayemtaka. Maneno, sauti na mikono, vyote vitatu nilikufundisha wewe, tangu ukikojoa kitandani. Sikumfundisha mtu mwingine. Macho haya yakizimika kabisa, watu hawa nani atawapangia ngoma?

Baba yako hajambo.

Shangazi yako,
Kalolaine


Marrickville, Sydney
20 Mei 1996

Shangazi,

Nashukuru kwa habari za nguruwe. Nilimtafsiria Marama, akacheka mpaka akakohoa. Baridi imeingia, nyumba yetu ina matundu, tunavaa makoti hadi jikoni. Mafua yalinishika nikalala siku kadhaa. Sasa nimesimama.

Hukunijibu. Uliniambia habari za mbele, na mimi sikuuliza mbele.

Mbele nimeshakaa, Shangazi. Ndiyo kazi yangu huku. Nasimama peke yangu kwenye taa na watu wananitazama. Gazeti moja dogo liliandika kuhusu onyesho letu la ghalani, likaniita jasiri. Marama lilimwita jasiri pia. Terry walimwita jasiri hadi kaburini. Nimechoka kuwa jasiri. Tuliomba ruzuku ya sanaa, kamati ya kwanza ikataka nivae majani nicheze ngoma za visiwani. Kamati ya pili ikataka nivae gauni niseme habari za mapenzi ya watu kama mimi. Nikawaambia kwangu ni kitu kimoja, wakaniuliza kitaingia fungu gani. Hatujasikia tena kutoka kwa yeyote.

Unakumbuka ile ngoma ya ufunguzi wa shule? Baba alinisimamisha mwisho wa mstari wa wanaume. Wewe ulikuwa umenifundisha mikono ya kike tangu utoto, na ngoma ilipokolea mikono yangu ikaenda ilikozoea. Uwanja mzima ukaanguka kicheko. Wakaja kunituza, wakanibandika noti kwenye mafuta niliyopakwa mwilini, nyingi kuliko alizobandikwa binti wa chifu. Walinipenda siku ile kama watu wanavyompenda nguruwe aliyevishwa kofia. Nyumbani sisi leitī, tuliozaliwa wavulana tukaishi kike, mnatupenda, sikatai. Tunapamba kanisa, tunashona magauni ya harusi, tunachekesha. Nimechoka na hilo nalo.

Sasa nakwambia waziwazi ninachotaka. Nataka kusimama na wanawake, kando ya Fusi. Si katikati, si mbele. Nataka niwe mmoja tu kati ya wengi, mtu ambaye akikosea hakuna anayeona.

Unajua kwa nini kando ya Fusi. Alipoanza kukua, mimi nilihamishiwa kibanda cha wavulana nje, kwa kuwa kaka na dada hawalali chini ya paa moja. Tangu hapo hatujataniana, hatujavaliana nguo, akiingia mimi natoka. Kama mimi ni kaka yake, hiyo ni heshima na lazima niitii. Lakini mimi si kaka yake. Ulilijua hilo kabla yangu, ndiyo maana ulinifundisha mikono ile.

Jibu tu, hata likiwa hapana.

Vili


Pangai, Ha'apai
2 Julai 1996

Vili,

Salamu za huku ni za upepo. Umevuma wiki mbili, ndizi zimelala chini zote. Mke wa mchungaji wa zamani amefariki, tumekesha, tumeimba, mikeka mizuri imetoka makabatini ikaenda ardhini. Mimi nimerudi na mafua na sahani ya nyama ya kopo. Mama yako anasema umekonda kwenye picha. Kula.

Swali lako nililisikia tangu mara ya kwanza. Mimi sioni, si kwamba ni kiziwi.

Juzi Sela alikuja na kikapu cha mashelisheli, na chini ya mashelisheli kulikuwa na maneno ya Siaosi. Sijui nani alimpelekea habari, kwaya yetu haina mlango. Anasema Vili akisimama na wanawake, yeye na waimbaji wote wa sauti nzito watabaki nyumbani. Na unajua lakalaka bila sauti nzito ni supu ya maji ya moto. Nikamuuliza Sela, "Na wewe unasemaje?" Akasema, "Mimi nimeleta mashelisheli, wifi."

Nimechoka, mwanangu. Nimetunga za harusi, za matanga, za machifu, na ya mwisho ni hii. Nataka tu iishe salama watu wale nguruwe wao waende nyumbani. Njoo usimame mbele nami. Mbele hakuna atakayegomba, hata Siaosi. Kijiji kizima kitakuita mtunzi. Heshima hiyo wanaume wazima wameitafuta wakafa bila kuipata, na wewe unanililia nafasi ya pembeni kwenye jasho la wasichana! Ubeti wa tatu hausimami. Mikono inakwenda upande na maneno upande. Naona giza tu. Nisaidie.

Kalolaine


Marrickville, Sydney
28 Julai 1996

Shangazi,

Pole kwa msiba na kwa ndizi. Huku wote wazima.

Nimeurekebisha ubeti wa tatu. Uko kwenye kaseti hii, upande wa kwanza, nimehesabu mikono kwa sauti ili Fusi awafundishe wenzake. Tatizo lilikuwa makofi yanatangulia neno. Yakichelewa kidogo, watu watalisikia neno kwanza. Marama alinisaidia kurekodi, ukisikia mngurumo ujue ni friji.

Hiyo nimeifanya kwa sababu ni ngoma yako. Kuja ni jambo jingine. Sitakuja kusimama mbele. Najua unanipa kikubwa, na najua nakuvunja moyo, na ninalia ninapoandika haya kwa hiyo samahani kwa wino. Ukiniandikia kwamba nafasi ipo kando ya Fusi, nitakuja hata kwa kuogelea. Nisiposikia kitu kabla ya mwezi wa tisa kuanza, nitajua ni hapana, na nitafanya onyesho hapa na Marama juma lilelile.

Nitunzie macho yaliyobaki.

Vili


Pangai, Ha'apai
19 Agosti 1996

Mwanangu,

Salamu fupi. Miguu, macho na nguruwe wako vilevile.

Kaseti nimeisikiliza. Ubeti wa tatu umesimama. Nilisikia neno, kisha makofi. Halafu nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu kaka yangu aoe. Nilidai haki yangu.

Unajua kwetu shangazi akisema neno juu ya mtoto wa kaka yake, neno hilo halina rufaa. Nimekalia haki hiyo miaka yote bila kuitumia, ila kuketi mbele misibani na kupewa keki harusini. Kwa kinywa changu sikuweza kumwambia Siaosi, ingekuwa aibu ya wote wawili. Nikamwita Sela. Nikamwambia, "Mwambie kaka yangu, mtoto huyu namchukua awe upande wangu." Sela akauliza upande upi. Nikamwambia afikishe kama nilivyosema, Siaosi si mjinga.

Siaosi alikuwa akinoa panga. Sela anasema aliendelea kunoa hadi panga likawa halihitaji tena, na bado akanoa. Kuhusu sauti nzito sijui. Wakija watakuja.

Nafasi yako ipo, mkono wa kushoto wa Fusi. Yeye nilimuuliza kwanza. Alilia, kisha akaniuliza kama bado unapinda kiwiko.

Njoo. Meli ya barua haijaonekana, wanasema injini imekufa tena. Barua nampa mtu wa posta leo hii na ninaiombea meli injini yake.

Shangazi yako


Marrickville, Sydney
5 Oktoba 1996

Shangazi,

Barua yako ya tarehe 19 Agosti imenifikia jana.

Sijui niandike salamu gani. Hamjambo? Kanisa lilitimiza miaka mia? Watu walikula?

Nilisubiri hadi mwezi wa tisa ulipoanza, kisha nikasubiri tena siku chache za uongo. Nikajisemea, amechagua sauti nzito, na nani angemlaumu. Siku ya jubilei yenu mimi nilikuwa ghalani. Marama alipiga trei zake, mimi nilitakiwa kusoma shairi jipya. Nilifungua kinywa halikutoka neno. Nilisimama tu hadi mlio wa friji ukaisha. Watu wakapiga makofi, wakadhani ndivyo ilivyotungwa. Kijana mmoja akaja kuniambia nimekuwa jasiri. Nilitaka kumpiga.

Kwa nini hukupiga simu? Ofisi ya simu iko hatua chache tu kutoka kwako. Neno moja lingetosha, Shangazi. Ningeuza friji zote.

Jana Marama alinikuta nimekaa sakafuni jikoni na barua yako mapajani. Aliusoma uso wangu tu, akaweka birika motoni. Leo sikwenda kazini. Nina hasira na meli, nina hasira na wewe, na zaidi nina hasira na mimi niliyeweka masharti ya tarehe kama mtu anayedai kodi.

Fusi alisimama na nani?

Vili


Pangai, Ha'apai
2 Novemba 1996

Vili mwanangu,

Anayeandika ni Fusi, mimi nasema tu. Jicho la kulia limefunga duka. Usianze kulia, nilishalizoea. Sela mzima, baba yako mzima, nguruwe mkubwa aliliwa kwenye jubilei, kwa hiyo magimbi yangu nayo ni mazima.

Simu sikupiga kwa sababu ofisi ile lazima upige kelele ndipo Sydney isikie, na foleni nzima inakusikia kabla ya Sydney. Jambo la nyumba ya kaka yangu nisingelipigia kelele kwenye foleni. Nilikosea. Ningepiga kelele. Andika hivyo hivyo, Fusi, usipunguze.

Sasa sikiliza. Hadi siku yenyewe sikujua kama unakuja. Ndege ya Ijumaa ilishusha mchungaji mgeni na mapipa. Jumamosi wazee wa kanisa wakaja kuniambia wanawake wasogeleane waizibe nafasi yako. Unajua mabega kwenye lakalaka yanavyokaribiana, pengo la mtu mmoja linaonekana hadi barabarani. Mzee mmoja akasema, "Mstari wetu utakuwa kama kinywa kilichong'oka jino." Nikamwambia, "Atakayesogea ninamtoa, hata akiwa binti wa chifu." Hawakusogea.

Siaosi alikuja. Alikuja wa mwisho, mstari umeshasimama, na wanaume wake wa sauti nzito nyuma yake. Alisimama kulia akaimba. Uso wake sikuuona, mimi sioni hata wangu, lakini sauti ya kaka yangu naijua kuliko ninavyoijua yangu. Kwenye ubeti wa tatu, wanawake walipogeuka wote kushoto na Fusi akageukia mahali pasipo mtu, sauti ile ilikatika. Akaichukua tena. Waliobaki hawakugundua.

Watu wa kijiji cha pili wakaanza kunong'ona juu ya lile pengo, wakauliza nani amefariki. Mama yako alikuwa ameketi na wageni chini ya turubai. Sela, ambaye hajawahi kusema neno lake mwenyewe mbele ya watu, akasema kwa sauti kubwa, "Hajafa. Amechelewa."

Baada ya ngoma walinisifu sana, nikaletewa mkeka na miwa na kichwa cha nguruwe. Nilikubali vyote. Moyo wangu ulikuwa mzito, sikuonja kitu. Nilitunga ngoma hii nikitaka uirithi, sikufikiri kwamba wewe ulitaka tu kucheza ndani yake. Sitatunga tena. Mambo ya nani atatunga tutasemezana ukija, au hatutasemezana. Wewe njoo tu.

Nimechoka kusema. Fusi atamalizia salamu.

Shangazi yako,
Kalolaine


Dada Vili,

Shangazi ameshalala kitini, kwa hiyo sasa kalamu ni yangu. Nimeandika "dada" nikatazama mlangoni kama mwizi. Hakuna aliyekuja.

Nilicheza kando ya hewa tupu mbele ya watu wa visiwa vyote vya Ha'apai, na jasho lilinitoka upande mmoja tu. Hiyo nitakudai maisha yangu yote. Pia nataka kujua mambo ambayo sikuruhusiwa kukuuliza. Sidiria unavaa saizi gani? Una mtu? Ni mzuri? Na huyo Marama anayepiga friji, mkirudi nyumbani nani anapika?

Mama anasema uje kwa Krismasi. Baba anakula, anakwenda shambani, anakunywa kava yake. Ila Jumamosi aliazima mkokoteni wa jirani akarudi na kitanda. Akakiingiza mwenyewe chumbani kwangu, akakisukuma hadi chini ya dirisha, kando ya changu. Nikamuuliza, "Baba, hiki cha nani?"

Akaniambia nitafute shuka.

Fusi